Maman Séraphine wa Uwongo ao Kweli

Watu wa Cimpunda, mtaa wa Bukavu, wanapenda kuogopa, usiwabishie. Mtu akija kusema ameona muzimu karibu na bomba la maji, bugali itapoa mezani mpaka amalize kusimulia, na kesho yake mitaa yote itakuwa imeuona muzimu huo kwa macho yake yenyewe. Ndiyo maana Maman Séraphine aliheshimiwa, na ndiyo maana mimi namheshimu mpaka leo: aliishi katikati ya watu hao, mwoga kama wao, akaichukua ile hamu yao ya kuogopa na kuwafundisha kutazama.

Kwenye karatasi za serikali alikuwa citoyenne, yaani mwananchi, Nabintu, maana katika miaka ile ya Zaïre jina la ubatizo lilikuwa halina ruhusa ya kuingia ofisini. Mtaani nani alijali? Séraphine alibatizwa, Séraphine akaitwa. Alizaliwa Nyangezi, akasomeshwa na masista, akafundisha darasa la tatu huko Kadutu mpaka mshahara ulipozoea kuja siku unayotaka wenyewe. Akaweka chaki chini, akaenda kuuza vitenge sokoni Nyawera. Alikuwa na ulimi wa soko na subira ya mwalimu, na vitu hivyo viwili Mungu havigawi ovyo kwa mtu mmoja. Mume wake alikuwa dereva wa lori la Shabunda, mtu wa kuonekana njiani kuliko nyumbani, na siku moja alirudi kutoka Goma na tele kubwa na mashine ya video, amevifunga ndani ya godoro ili visivunjike kwenye mashimo ya barabara. Séraphine akatoa magunia kwenye chumba cha uani, akaingiza mabenchi, akatundika blanketi dirishani. Kila Jumapili, misa ikiisha, chumba kinajaa.

Kaseti zilitoka kwa mdogo wake Isidore, aliyekuwa anasoma Ubelgiji. Isidore alinasa vipindi vya tele ya kule, kisha akampa mtu yeyote anayerudi nyumbani amletee dada. Mpira ulikuja, filamu za bunduki zilikuja. Halafu ikaja kaseti ya ajabu. Ndani yake kulikuwa na mwanahabari mzungu mwenye masharubu, kazi yake kuzunguka nchi akikagua picha na filamu ambazo watu wanadai zimenasa mizimu: mwanamke mweupe kwenye ngazi za nyumba ya kale, taa inayotembea peke yake juu ya ziwa, kiti kinachosogea bila mkono. Anaonyesha filamu, anawauliza wenye nyumba, anakwenda mwenyewe mahali penyewe, kisha anatoa hukumu. Cimpunda walikipenda kipindi hicho kushinda mpira, wakakipa jina lao wenyewe: Uwongo ao Kweli.

Basi Séraphine alisimama kando ya tele na fimbo yake ya darasani, akaugeuza Kifaransa kuwa Kiswahili papo hapo, na alikuwa na desturi yake. Kabla mzungu hajatoa hukumu, anasimamisha kaseti. Picha inatetemeka pale kwenye kioo, na yeye anawageukia watu.

"Siulize munawaza nini," anasema. "Minauliza: munaona nini?"

Mwanzoni walikuwa wanapiga kelele tu: shetani! muchawi! Naye anatikisa kichwa. "Hayo ni mawazo. Mutu aniambie kitu yenye jicho linaona." Ikawa mchezo. Wanawake wa kuuza samaki wadogo wa sambaza, vijana wa kubeba mizigo, wazee wenye abacost zao, makoti ya Jumapili, wote wananyoosha shingo: kuna pazia, kuna dirisha wazi, kivuli kinaangukia kushoto na jua liko kushoto, haiwezekani! Walibishana mpaka karanga zikamwagika. Mara moja yule mzungu alikagua filamu mpaka mwisho akasema hajui ni nini. Chumba kizima kikacheka: wapi! muzungu hajui! Séraphine hakucheka. Aliwaambia kwamba mtu aliyeangalia vizuri ndiye mwenye haki ya kusema hajui, na wengine tunapiga domo tu. Maneno hayo yaliwachoma wengi, na yalistahili kuwachoma.

Wala msidhani alikuwa mtu wa kukana mizimu. Alisali rozari, na usiku akisikia bundi alifunga dirisha mara mbili. Ila alisema Mungu hakutupa macho ya mapambo.

Sasa sikilizeni yaliyotokea mwaka wa themanini na saba.

Pale Cimpunda alikuwepo fundi seremala, Pascal, mtu wa watu, mwenye kucheka na kila anayepita mbele ya karakana yake. Homa ikamkamata, ikamlaza, ikamuua. Mke wake Colombe alibaki na watoto, na yule wa mwisho, Clémence, alikuwa bado anashika ukuta ili asimame. Mwaka wa kuomboleza ulipotimia, familia ikaandaa karamu ya kumaliza kilio, na Stanislas, kaka wa marehemu, akamwita Bisimwa, mpiga picha mwenye studio Nyawera, aje kuinasa siku hiyo kwa kamera ya video. Ilikuwa heshima kubwa. Watu walikula, pombe ya ndizi, kasiksi, ikanyweka, Colombe akavua nguo nyeusi, kila mtu akarudi kwake.

Balaa ilianza siku waliyokaa kuitazama kaseti kwa jamaa mmoja mwenye video. Walikuwa wanatazama karamu yao vizuri tu, huyu anacheka, yule anaficha nyama, na ghafla kwenye kioo akatokea Pascal. Pascal aliyezikwa! Amesimama uani kwake, amevaa shati jeupe walilomzika nalo. Akatazama kamera, akainua mkono, akanyoosha kidole upande. Halafu akatoweka, na mahali pake, upande ule ule wa kidole, alionekana Colombe ameketi kwenye kiti chake.

Nani alihitaji kuambiwa zaidi? Kabla ya jioni Cimpunda nzima ilijua kwamba marehemu amerudi kumtaja aliyemwua. Lisemwalo lipo, walisema. Walikumbuka kwamba Colombe hakulia kwa sauti siku ya mazishi. Ni kweli hakulia. Yule mama alikuwa na kilio cha ndani, tangu usichana wake. Lakini watu wakishataka kosa, hata kimya chako kitashuhudia juu yako. Familia ikaketi na kuamua: Jumatatu Colombe anarudi kwa wazazi wake Nyangezi, peke yake. Nyumba itabaki kwa ukoo. Watoto vilevile, maana watoto ni wa ukoo wa baba.

Stanislas hakuwa mtu mbaya, niseme hilo. Alimpenda ndugu yake, na msiba ulikuwa umemvuruga. Hakutaka isemekane kwamba amemfukuza mjane kwa siri. Akachukua kaseti mpaka kwa Maman Séraphine.

"Maman, uonyeshe batu bote siku ya Jumapili," alisema. "Baone na macho yabo. Hivi Jumatatu mutu asituseme."

Séraphine alijua kwamba akiionyesha kaseti hiyo na ikathibitisha maneno yao, yeye ndiye atakayekuwa amemwondoa Colombe kwa watoto wake. Na akikataa, Colombe ataondoka tu.

"Nitaonyesha," akasema. "Lakini kwa desturi yangu. Colombe atakaa mbele. Na Bisimwa mwenye alipiga ile filme, naye akuye."

"Hakuna shida. Lakini uiangalie kwanza weye peke yako, utayarishe maneno."

"Hapana, papa. Nikiiangalia peke yangu, kesho mutasema niliitengeneza. Tutaiona siku moja, shiye bote."

Jumapili hiyo misa ya pili haikuwa na watu mpaka mwisho, padri mwenyewe aliona. Chumba cha uani kilijaa, ua ukajaa, watu wakapanda juu ya mawe nje ya mlango. Colombe aliketi benchi la mbele na Clémence mapajani, na benchi zima lilikuwa lake, maana hakuna aliyetaka bega lake liguse la mjane. Aibu gani ile! Wanawake aliochota nao maji miaka yote. Séraphine aliona, akamwacha kila mtu amalize kukaa, halafu akachukua shali yake na kuiweka kwenye benchi lile, kando ya Colombe, kuonyesha kwamba pale pana mtu. Kisha akatia kaseti.

Karamu ikapita. Wakaimba wanakwaya, sufuria zikafunuliwa. Mistari ikachirizika kwenye kioo, na Pascal huyo.

Wee! Benchi la nyuma lilianguka na watu wake. Mtu alipiga ishara ya msalaba mara sijui ngapi. "Yesu Maria!" Na Séraphine? Yeye aliyewafundisha wengine kutoogopa aliogopa kama wao. Ni Pascal yuleyule aliyemtengenezea mabenchi yale waliyokalia, na kile kidole kilinyooka kweli. Kwa muda wa pumzi moja aliamini. Aliamini kabisa, na moyo wake ukamlilia Colombe kwa sababu hakuona tena pa kumsaidia. Lakini mkono wake ulikuwa na mazoea yake, ukairudisha kaseti nyuma na kuisimamisha pale Pascal alipoinua kidole.

"Siulize munawaza nini," alisema. "Minauliza: munaona nini?"

"Pascal!" walijibu wote.

"Nini tena?"

"Shati tulimuzika nayo," alisema Stanislas.

"Ndiyo. Nini tena?"

"Kidole!"

"Kidole tumekiona. Mutu tumemuona. Juu yake tumemaliza. Kuko kitu ingine?"

Hawakuwa wamekuja kwa ajili ya vitu vingine. Clémence alikuwa akichezea ncha ya shali. Séraphine alingoja jinsi alivyokuwa akingoja darasani, bila kumsaidia mtu, ingawa yeye mwenyewe alikuwa haoni kitu.

"Kuko sufuria pale chini," akasema kijana mmoja.

"Bon. Endelea."

"Na jogoo."

"Na ukuta," akasema mwingine, kwa kunung'unika, maana aliona wanapotezewa muda. "Ukuta wa matofali nyuma yake."

Hapo Maman Agnès, muuza sambaza, jirani wa Pascal kiwanja kwa kiwanja, akasimama juu ya benchi na umri wake wote.

"Ngoja!" alisema. "Ngoja kwanza! Ule ukuta ni wa kwangu!"

Watu wakaangua kicheko, wakamwambia aketi, hakuna anayemwibia ukuta wake. Naye akapiga makofi.

"Munacheka nini? Ukuta wangu uliangukaka! Hamukumbuke ile mvua mingi, ile ilibeba njia? Kilima kilishuka, ukuta ukaenda nacho. Bote mulikuya kuona! Na wakati wa karamu ya kilio pale palikuwa miyanzi, miyanzi tu, ata leo!"

Ni kweli tupu. Ukuta ule ulikuwa na ufa, na mume wa Maman Agnès aliambiwa na mtaa mzima kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hakuziba, wala hakujenga, alipanda mianzi. Vichwa vikaanza kutikisika, mmoja, mwingine. Mzee mmoja akasema yeye aliteleza kwenye tope la siku ile.

"Na nani alinisaidia kubeba matofali?" Maman Agnès aliendelea. "Pascal mwenyewe! Muzima, na miguu yake! Matofali iko ndani ya jiko yangu, minapikia juu yao kila siku. Muniambie basi. Ukuta nao unakufaka na kufufuka? Muzimu wa Pascal ulikuya na muzimu wa ukuta wangu?"

Mlio uliotoka pale sijui niuite kicheko ao kilio. Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema, lakini Séraphine alijua kwamba lazima aambiwe, tena na tena, na kwamba siku moja ataona asichokiona mwalimu wake. Alifurahi mpaka akaona aibu kufurahi mbele ya mjane.

Halafu akamgeukia Bisimwa, aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia yake mkononi. Hakumpigia kelele.

"Papa Bisimwa. Ule ukuta ulisimama wakati gani ya mwisho mbele ya kamera yako?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Bisimwa iliishia pale mlangoni. "Ubatizo," alisema. "Ubatizo wa Clémence."

Yakamtoka yote. Kaseti mpya zilikuwa shida kupatikana, lazima zitoke Bujumbura, na wapiga picha wote wa Bukavu walikuwa wanapiga juu ya zile za zamani. Ya juu inafuta ya chini. Lakini ukisimamisha kamera ili ule chakula kidogo, kisha ukaianzisha vibaya, kipande cha chini kinabaki katikati. Kabla ya ubatizo ule Pascal alikuwa amemtengenezea Bisimwa meza ya studio, naye Bisimwa akampigia filamu bila malipo ili walingane. Pascal hakuwa na video nyumbani, akamwambia: uniwekee hiyo kaseti, siku moja nitanunua mashine, nitawaonyesha watoto. Bisimwa akaiweka. Pascal akafa. Na siku ya karamu hakuwa na kaseti nyingine.

"Nilipoona kile kipande, nilijua," alisema. "Lakini nikisema, familia itaniuliza: ubatizo uko wapi? Na batu balikuwa bananiita mwenye alinasa muzimu. Nikanyamaza. Munisamehe."

Wapo waliotaka kumpiga. Séraphine aliinua fimbo na wakaketi. Alikuwa bado mwalimu.

Sasa Colombe aliuliza, bila kugeuka, macho yake kwenye kioo:

"Alikuwa ananionyesha miye?"

"Weye, maman," akasema Bisimwa. "Nilikuwa namupiga yeye tu, sababu alivaa vizuri. Akaniambia: 'Achana na miye, bwana! Piga Maman Clémence. Ni yeye alizaa, miye nilikula tu.'"

Hapo Colombe alilia kwa sauti. Mama ambaye Cimpunda ilimhukumu kwa kutolia, alilia mpaka waliokuwa nje juu ya mawe wakavua kofia. Maman Agnès alishuka akaketi kando yake, na mwingine akafuata, na benchi likajaa mpaka shali ya Séraphine ikaanguka chini. Hakuna aliyemtazama Stanislas. Alikuwa amesimama peke yake kando ya ukuta, mikono inaning'inia, na kila mtu alikuwa anasubiri asikie neno lake juu ya kesho, Jumatatu.

"Uirudishe tena," Colombe alimwambia Séraphine. "Usiisimamishe. Uiache ipite."

Kaseti ikarudi nyuma. Mistari ikachirizika. Pascal akasimama tena mbele ya ukuta wa Maman Agnès, shati jeupe, na sasa waliona kwamba alikuwa anacheka. Kicheko kilikuwapo tangu mwanzo, ni wao hawakukiona. Akainua kidole.

Clémence alimwangalia, akaangalia upande wa kidole, akamwangalia tena.

"Ule ni nani?" aliuliza.

Colombe alikuwa bado anafuta machozi. Ndipo Stanislas alipotoka pale ukutani. Watu wakampisha. Akaja akachuchumaa mbele ya mtoto, mtu mzima na abacost yake, uso umelowa.

"Ule ni papa yako," alimwambia. "Anasema mubakie na maman yenu mu nyumba yake. Bote."

Pascal hakusema hivyo, na chumba kizima kilikuwa kimetoka kusikia alichosema. Maman Séraphine alikuwa na kidole chake juu ya kitufe cha kusimamisha. Akakiondoa, akaiacha kaseti ipite.